Mlango Aliouacha Wazi Baba

Jengo la nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.
Jumapili asubuhi, 16 Juni.

Mpendwa Kaka,

Naanza na mgongo wako, maana najua ndio uliobeba kazi yote ile ya kuezeka. Umeshakubali kunyooka? Wifi naye hajambo? Kile kikohozi kimeisha kweli, au bado anakificha na kusema ni vumbi? Watoto najua ni wazima, kwa sababu kwenye barua yako kuna alama ya kidole chenye mafuta pembeni kabisa, na nimemtambua mwenye kidole. Mwambie shangazi amepokea salamu zake na amezifuta kwa kitambaa.

Mimi sijambo. Baba naye hajambo, tena amezidi. Bandeji ilitolewa, daktari akamulika, akasema mtoto wa jicho ametoka vizuri na kilichobaki ni dawa ya matone tu. Tangu siku ile baba anaona kupita kiasi. Ameona vumbi juu ya kabati langu. Ameona kwamba nimeanza kuota mvi, akaniambia asubuhi wakati nanywa chai, kama mtu anayesoma habari. Ukizoea kuishi peke yako unasahau kwamba macho ya mzazi yakipona, cha kwanza yatakachokitazama ni wewe.

Kazini ni kama kawaida. Bado nasoma mita za maji, bado natembea mitaa ile ile, na mbwa wa nyumba ya geti jeupe bado hajanikubali. Wenye nyumba wananifungulia geti bila kunitazama usoni. Sina kinyongo nao. Mimi pia natazama mita, siwatazami wao.

Sasa nije kwenye barua yako. Ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Unasema chumba cha baba kimekwisha, ukuta umepigwa plasta, bati limekaa sawa, na zana zake za useremala umezipaka mafuta ukazitundika ukutani, ingawa unajua hajazigusa tangu tumzike mama mwaka jana. Unasema dirisha umelielekeza upande aliko mama, ili baba akiamka awe naye. Halafu unanitaka nimpandishe basi mwisho wa mwezi huu, kwa kuwa macho yameshapona na mjini si mahali pa kumweka mzee. Mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka adabu akiwa ameshafika mlangoni, unaniuliza mimi naonaje, na watu wanaoishi huku wanaonaje, mji una faida gani na hasara gani kwa mtu wa umri wake.

Na umeniita Hakimu. Sijaitwa hivyo tangu enzi zile ulipokuwa unamega mkate na mimi naamua ni nani kachukua kipande kikubwa. Nakumbuka kila mara ulikuwa wewe.

Basi nitafanya kama hakimu. Kwanza nitakuletea mashahidi, hukumu itafuata, ingawa safari hii hukumu si yangu. Tafadhali usiruke kurasa. Nakujua, wewe husoma barua kuanzia chini.

Kabla ya mashahidi, lazima nikueleze jinsi walivyopatikana, maana mimi na majirani zangu tumeishi miaka yote hii kwa kutingishiana vichwa kwenye ngazi.

Katika jengo letu milango inafungwa. Hakuna chuki ndani yake, ni mazoea tu. Ukiona mlango umeachwa wazi mchana kutwa, na kiti kimetolewa nje kwenye korido, maana yake ni moja: mwenye chumba anahama na anauza vitu. Hakuna tangazo. Watu wanaingia, wanafungua droo, wanagonga mbao kwa vidole, wanauliza bei. Kabati langu mwenyewe nililipata hivyo, kwa mama mmoja wa ghorofa ya chini, na mpaka leo sijui alihamia wapi.

Wewe na mimi tumekulia mahali ambapo mlango uliofungwa mchana ni wa mgonjwa au wa msiba. Baba naye hajui mlango mwingine. Kwa hiyo siku ya pili baada ya bandeji kutolewa, mimi nikiwa kazini, alifungua mlango mpaka mwisho, akauwekea kiatu usirudi, akatoa stuli yangu, akakaa koridoni kutazama watu.

Wa kwanza kufika alikuwa nesi wa chumba cha pembeni yetu, ametoka zamu. Akachungulia ndani, akauliza, "Shikamoo mzee. Hili kabati bei gani?"

Baba akafurahi kwamba kabati la binti yake limesifiwa. "Marahaba. Hilo ni la mwanangu. Pita ndani ulitazame vizuri."

Nesi akapita, akafungua droo zote, akasema ni mbao nzuri. Baba akamweleza ni mbao gani, imekatwa vipi, na fundi aliyeiunga alikuwa na haraka gani upande wa nyuma. Akamwekea chai. Baada ya nesi akaja kinyozi, yule mwenye duka chini ya jengo. Baada ya kinyozi akaja mama mmoja wa ghorofa ya nne anayeshona mapazia. Wote walipewa chai. Walipouliza bei, baba alijibu kwamba baina ya majirani hakuna bei, wao waseme tu wanachohitaji.

Unaweza kufikiria nilichokikuta niliporudi. Bwana na bibi wageni kabisa, vijana, walikuwa dirishani kwangu wanapima upana kwa tepu. Kinyozi alikuwa anashuka ngazi na stuli yangu begani. Na msimamizi wa jengo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, ungesema mapema kama unahama," akaniambia. "Mimi hawa nimeshawaahidi chumba."

Nilipigwa na butwaa. Nikamwambia sihami. Yule bibi mdogo akaniuliza kama nina hakika, kwa sauti ya upole kabisa, kama nesi anayemuuliza mgonjwa kama kweli hasikii maumivu. Iliwabidi wamalize chai yao, kwa sababu baba hakuwaruhusu waondoke na vikombe nusu. Walipotoka nikafunga mlango, nikamuuliza baba kwa nini amemgawia kinyozi stuli yangu.

"Ameomba," akasema.

"Hakuomba baba, ameuliza bei."

"Mtu akiuliza bei ya kitu chako, si anakihitaji? Angekuwa hakihitaji angeuliza?"

Nikageuka nikae kwenye stuli yangu, haipo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kesho yake, kiatu kipo mlangoni tena. Habari zilikuwa zimeshaenea jengo zima kwamba mzee wa ghorofa ya tatu hauzi chochote, ana chai tu, na watu wakaja hivyo hivyo. Kila anayekuja, baba ana swali moja kwake: "Mji unakutendeaje?" Kwa hiyo barua yako ilipofika kuuliza watu wa huku wanaonaje, ushahidi ulikuwa umeshakusanywa. Mimi jioni nasimuliwa tu.

Nesi anasema faida ya kwanza ya mjini ni hospitali. Mama yake alimzaa yeye njiani, juu ya mkokoteni, na hataki mwanamke mwingine yeyote apitie vile. Lakini hapo hapo anasema juzi alishikwa na homa, akalala, akasikia simu inaita mezani mpaka ikanyamaza, hana nguvu za kuinuka. "Hospitali naiona dirishani, mzee," alimwambia baba. "Kutoka kitandani mpaka mlangoni ndiko mbali." Sasa baba anamgongea ukuta kila asubuhi, na yeye anagonga kujibu. Msimamizi ameshauliza hizo kelele ni za nini.

Kinyozi hana wasiwasi na mji hata kidogo. Kwao, anasema, vichwa ni vile vile, ukishavinyoa vyote unakaa kusubiri viote. Huku kila siku kinatokea kichwa kipya. Ubaya wake ni kwamba alikuwa na mteja mmoja aliyemnyoa miaka mingi, wakicheka, wakibishana kuhusu mpira, na siku moja mteja hakuja tena. Hakuwahi kumuuliza jina. Mpaka leo hajui kama yule bwana alikufa, alihama, au alipata upara. Anasema hilo la upara ndilo analoliombea.

Mshona mapazia tunamwita Mama Pazia, na yeye mwenyewe ndiye aliyejipa jina hilo. Ana mdomo. "Mimi riziki yangu ni watu kutotaka kuonana," alisema. "Siku watu wa mji huu wakianza kupendana, nitalala njaa." Lakini alipoulizwa kwa nini hajarudi kwao, alijibu kitu ambacho baba alinisimulia jioni, akala kidogo, kisha akanisimulia tena kama hajanisimulia. Mama Pazia aliachika akiwa kijana. Kwao, hata leo, akipita sokoni yeye ni yule aliyeachika, hata angeshona pazia la ikulu. Huku ni yule wa mapazia. Basi.

Msimamizi wa jengo ndiye shahidi wako wewe. Anasema mjini hakuna majirani, kuna wapangaji, na mzee akianguka kwenye ngazi watu watamruka kwanza ndipo waulize ni wa chumba gani. Ngazi hazina taa ghorofa ya pili, maji ya bomba hayapandi mpaka huku juu saa za jioni, na moshi wa kiwanda cha sabuni ukigeuka mkate wako unanuka kama umepakwa povu. Haya yote ni kweli, nayathibitisha mimi niishiye humu. Anakuja kuyasema kila siku saa ya chai.

Mimi mwenyewe nina shahidi mmoja kutoka kazini. Ni bibi mmoja mwenye nyumba kubwa, vyumba vya kupoteza watoto ndani yake, na anakaa peke yake. Mita yake haizunguki, inatambaa. Kila nikienda ananiomba nimsomee kwa sauti, halafu ananiuliza kama imepanda. Wengine wote wanataka mita isipande. Yeye nadhani anataka iwe imepanda.

Na kwenye uga mmoja wenye wapangaji wengi, bomba ni moja na mita inazunguka kama feni. Wanagombana kuhusu maji kila nikifika, mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, ndoo zinapigana. Nimewauliza kama kuna anayetaka kuhama. Walinitazama kama nimewatukana.

Ukitaka langu, Kaka, ni hili. Huku hakuna anayeniuliza nitaolewa lini. Hiyo peke yake kwangu ni sawa na bomba la maji ndani ya nyumba. Nafunga mlango, navua viatu, na mpaka kesho asubuhi mimi si mtu wa mtu. Napenda hivyo, nilipenda hivyo, na sikuona haja ya kueleza. Ubaya wake ni kwamba kuna likizo moja nilikaa ndani mpaka ikaisha, na siku niliyorudi kazini, mwenzangu aliponiita, sauti ya jina langu ilinishtua. Sikukuandikia hilo kwa sababu ungeniletea nauli.

Kwa hiyo barua yako ilipofika, nilifurahi. Nakwambia ukweli. Niliwaza, baba amepona, chumba chake kimekwisha, mwisho wa mwezi atapanda basi, nami nitarudia kitanda changu, maana sasa hivi nalala kwenye kochi na miguu inaning'inia. Nilianza hata kufikiria mahali pa kuuficha mswaki wa pili atakaouacha, usinitie huzuni. Nilikuwa nimeshamaliza kesi kichwani.

Kisha ikaja habari ya stuli.

Kinyozi aliirudisha Jumatano. Alisema inayumba, wateja wanaosubiri zamu wanalalamika. Ni kweli ilikuwa inayumba, mimi nilikuwa naiwekea gazeti lililokunjwa. Baba akaipokea, akaipindua, akapitisha kidole kwenye mguu mfupi, akaiweka kando. Unajua alivyokuwa huko nyumbani tangu mama aondoke, jinsi watu walivyomletea viti vyao vilivyovunjika na yeye akasema tu acheni hapo, na vikabaki hapo hapo mpaka wenyewe wakaja kuvichukua.

Alhamisi nilichelewa kazini kidogo. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi kama kawaida, lakini baba hakuwa koridoni. Alikuwa amekaa chini, sakafuni katikati ya chumba, miguu ameinyoosha, stuli imelala mapajani kama mtoto anayekatwa kucha. Alikuwa na kipande cha ubao wa kasha alichopewa na Mama Pazia, na kisu changu cha kukatia mkate. Maranda yalikuwa yamejaa kwenye shuka aliyoitandika. Alikuwa ameshaunga mguu, anausawazisha, anakata kidogo, anapuliza, anapapasa, anakata tena.

Kaka, nilisimama pale mlangoni na begi la kazi begani, nikaogopa hata kulishusha. Niliogopa nikitoa sauti atakumbuka kwamba alishaacha useremala. Baadaye aliinua macho, yale macho mapya, akaniona.

"Kisu chako hakina makali," akasema.

Nilipika, tukala, na mimi nikakaa juu ya ile stuli. Haiyumbi.

Ijumaa ndipo nilipompa barua yako. Nilitaka nimsomee, akakataa, akasema macho yamelipiwa yafanye kazi. Akaisoma mwenyewe, ameishika mbali na uso, polepole, mpaka pale kwenye alama ya kidole akatabasamu. Alipomaliza aliikunja vizuri.

"Amejenga vizuri kaka yako," akasema. "Amekuwa mwashi kweli."

Nikasema ndiyo.

"Na dirisha ameliweka upande wa mama yenu."

Nikasema ndiyo, ili ukiamka uwe naye.

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayatia chumvi wala kuyapunguza. Alisema, "Ana mapenzi sana huyo. Lakini mimi mama yenu simwoni kwa dirisha. Ninaamka naye, nalala naye, hata kwenye basi la kuja huku alikuwepo. Ninachokitaka ni asubuhi moja ianze na kitu kingine, halafu nimkumbuke mwenyewe, kwa wakati wangu."

Kisha akasema, "Kule nikitoka mlangoni, pole mzee. Nikienda dukani, pole mzee. Nikicheka, wanatazamana. Ni watu wema, sina ugomvi na yeyote, na wakiacha kunipa pole nitawaona hawana utu. Lakini huku mtu wa kwanza kuja mlangoni aliniuliza kabati bei gani. Mwanangu, sikujua kumbe nilikuwa na kiu ya kuulizwa kitu kama hicho."

Nilifanya kazi yangu ya hakimu. Nilimtajia ngazi zisizo na taa. Nilimtajia moshi, maji ya jioni, na kwamba mimi nashinda kazini na yeye anashinda peke yake. Nilimkumbusha wajukuu. Nilimtajia chumba chako na kila tofali lake, maana najua umeyafyatua mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngazi nazijua," akasema. "Magoti yanauma, hayajafa." Halafu akanigeukia. "Wewe je? Unanitaka hapa?"

Nikamwambia chumba ni kidogo.

"Sijakuuliza ukubwa wa chumba."

Basi nikamwambia namtaka. Neno hilo lilitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia, na baada ya kulisema nilijua ni kweli, tena ilikuwa kweli tangu siku ya kiatu mlangoni. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha, na kwa kukufikiria wewe.

Hiyo ndiyo hukumu, Kaka. Mwisho wa mwezi hapandi basi.

Najua itakukata maini. Umebeba mawe, umepanda juu ya paa na mgongo ule, na kila ulichokiweka ulikiweka kwa kumpenda. Naomba usiseme mji umembadilisha. Haujambadilisha, hata kufunga mlango haujamfundisha. Na usidhani amekupa kisogo. Ameniuliza mara kadhaa uliweka kizingiti cha mbao gani, na anataka umjibu.

Kuhusu chumba, amesema asikae mtu mwenye huzuni ndani yake. Apewe binti yako mkubwa awe na mahali pa kusomea. Dirisha halitamsumbua, kwa sababu yeye bibi yake anamkumbuka kwa vile vituko walivyokuwa wakifanya pamoja, na akitazama nje atacheka. Baba atakuja kusalimia shule zikifungwa, na atalala humo humo. Hilo amelisema mwenyewe, sikumshikia fimbo.

Huku tumejipanga. Matone ya macho anamtilia nesi mimi nikiwa kazini. Msimamizi amekubali stuli ikae koridoni mradi watu wapite, na ameahidi taa ya ngazi, ingawa ahadi zake tunazijua. Kinyozi ana kiti chenye mkono uliolegea, amekileta jana na kukiacha pembeni, kama mtu aliyesahau mwavuli. Mama Pazia anataka vibao vya kufunika vichwa vya mapazia, na ameshasema vikitoka vizuri kuna wateja. Mimi nimeagiza kitanda kingine, chembamba. Watakapoleta watalazimika kukiingiza kwa upande.

Njoo utuone, wewe na wifi. Usiandike kwanza, njoo tu, mlango utaukuta wazi. Ukifika ghorofa ya tatu, usipoulizwa kama umekuja kununua kabati, jua umepotea jengo.

Nisalimie wifi kwa namna ya pekee, na mwambie kikohozi akionyeshe kwa daktari. Nisalimie watoto wote, hasa mwenye kidole. Nisalimie shangazi mkubwa, na mjomba fundi baiskeli, na mama wa dukani ambaye najua barua hii utamsomea hata nikikukataza. Baba anawasalimu wote mmoja mmoja, na amenisimamia hapa kuhakikisha sijamruka mtu.

Mungu awape usingizi mzuri chini ya paa lile jipya, na lisivuje hata tone.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kipande kikubwa ukichukua wewe,

Hakimu.

Na ikiwa umeanzia kusoma huku chini kama kawaida yako: baba anaomba randa yake. Na patasi zote, na msumeno mdogo. Vishushe ukutani, uvifunge vizuri kwenye gunia, umpe dereva wa basi. Sasa rudi juu usome kwa nini.